Flaviana na Sura Aliyoiweka Akiba

Baada ya karibu miaka ishirini na miwili ya kuwaamsha, kuwaogesha, kuwalisha na kuwasomea wazee wa nyumba yetu ya matunzo hapa Irving, Flaviana Kokushubila anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Mei. Mhariri wa jarida aliniomba niandike kwa uchangamfu. Nimejitahidi. Atakayeona uchangamfu umepungua mahali anisamehe, kwa sababu kuanzia Jumatatu ni mimi nitakayepanga zamu ya asubuhi bila jina lake.

Flaviana alizaliwa Bukoba na kufundisha shule ya msingi kabla ya kumfuata mumewe, marehemu Sospeter, huku Texas. Cheti chake cha ualimu hakikumfaa kitu hapa, jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa machungu yake. Akasomea uhudumu wa wagonjwa, akaajiriwa Agosti 2004. Wiki ya kwanza msimamizi alimuuliza kwa nini mfuko wa sare yake umetuna. Ndani mlikuwa na rozari na kitabu cha hadithi. Akajibu kwamba ni vifaa vya kazi.

Rozari huisali akiendesha gari kutoka kwake Grand Prairie. Barabara ikiwa nyeupe, makumi matano yanamfikisha getini kwetu. Siku za foleni alimaliza matendo ya furaha, akaingia ya uchungu, akagusa na ya utukufu, na alipofika kazini alikuwa mtakatifu kamili aliyechelewa. Aliyeandika kuchelewa huko ni mimi, na hajawahi kuninunia.

Mimi ni Mwislamu, yeye ni Mkatoliki wa kulala na kuamka. Saa sita mchana alisimama kwenye chumba cha kufulia kusali Malaika wa Bwana; baadaye niliingia mimi na mkeka wangu, na mashine za kufulia zikatuzoea wote wawili. Humo ndimo alimonieleza kwa nini anawasomea wazee riwaya badala ya kuwaachia televisheni. Kusali, alisema, ni kumwambia Mungu yaliyo moyoni, ila wengi wetu hatuyajui yaliyo moyoni mwetu mpaka tuyakute kwa mtu mwingine, kitabuni. Basi alianza na sala, zikafuata kurasa chache, kisha kimya kidogo. Hata wazee wa Kimarekani aliwasomea, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kihaya. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alimsahihisha karibu kila sentensi. Siku bibi yule alipozidiwa hata akashindwa kumsahihisha, Flaviana alitoka nje akalia.

Alikuwa na desturi moja aliyorithi kwa bibi yake: hamalizi kitabu na mgonjwa. Bibi yake alikuwa akikata hadithi karibu na mwisho ili wajukuu wawe na hamu ya kesho. Flaviana naye akifika sura ya mwisho anaweka kadi ya mtakatifu, anafunga kitabu, anaanza kingine. Aliamini mtu mwenye kitu cha kungojea haondoki upesi. Humphrey wa jikoni alimtania kila mara: "Leo ni leo, dada, asemaye kesho ni mwongo!" Naye alimjibu, "Akiba haiozi." Na kweli, wazee wake walidumu. Tuliona sote, wala hatukuwa na maelezo mengine.

Kisha akaja Mzee Severin. Alikuwa katekista huko Uvira kabla ya vita kumkimbiza, na binti yake Esperance, anayefanya kazi ghalani, alimleta kwetu macho yakiwa hayaoni tena. Flaviana alichagua riwaya ya Kiswahili, kuukuu, isiyo na jalada, inayohusu mwana aliyetoka kwao kwa ugomvi akarudi baada ya miaka mingi. Mzee Severin alikuwa na mwana wa namna hiyo. Alain anaishi Alief, kule Houston, na walikuwa hawajasemeshana tangu mama yake azikwe. Kila mchana wa kusomewa mzee alizidi kuwa mkimya. Kwaresima ilipokuwa inakwisha, mwana wa kitabuni akafika, akasimama nje, akagonga mlango wa baba yake. Hapo sura ikaisha. Ikabaki moja.

Ilikuwa Jumamosi. Mzee Severin akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo papa ni baba, "Mama Flavi, tumalize tu leo. Nataka nijue kama ule papa atafungua, ndiyo nimuite Alain wangu." Flaviana akaweka kadi yake, akamgusa bega. "Kesho, Katekista, nikitoka Misa. Akiba haiozi."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Wakati wa maombi ya waamini Flaviana alimtaja Severin kwa jina mbele ya kanisa zima. Akaja moja kwa moja na tawi la kumpa. Nilimpokea mlangoni. Mzee alikuwa amefariki asubuhi hiyo, na Alain hakuwa ameitwa.

Nimeambiwa tusiandike huzuni kwenye jarida, lakini siwezi kusimulia kazi ya mwanamke huyu nikaruka hapo. Alikwenda kuungama. Padri akamwambia kwa upole kwamba hilo si dhambi. Alirudi amekasirika kuliko alivyoondoka. "Rukaya," aliniambia, "dhambi ningeondolewa. Hili nani ataniondolea?"

Tangu siku ile, miaka miwili sasa, hakuanza tena riwaya ndefu na mtu yeyote. Alisoma Zaburi, au visa vifupi vinavyoisha mara moja. Humphrey naye aliacha utani wake bila kuambiwa. Wazee wapya hawajui walichokosa. Sisi tunajua, na ukumbi wetu mchana umerudi kwa televisheni. Kitabu kisicho na jalada kilikaa kwenye kabati lake, kadi ikiwa palepale. Hakukifungua hata yeye.

Mwezi uliopita nilimuuliza anataka zawadi gani. Nilifikiria saa ya ukutani, kama kawaida yetu. Akacheka. "Saa ninayo, dada. Nina-retire kunyanyua watu, si kusoma. Nisaidie kumpata Alain."

Esperance alitupa namba, lakini aliyepiga ni Flaviana mwenyewe. Alimweleza yote: kitabu, mlango, Jumamosi ile, na jinsi baba yake alivyomwita "Alain wangu". Kisha Alain akauliza aje saa ngapi.

Basi wafanyakazi wote mnaalikwa Ijumaa saa tisa alasiri kwenye kikanisa chetu. Keki ya Humphrey ipo, lakini itangoja. Kwanza kutakuwa na sala, kisha Flaviana ataisoma sura ya mwisho kwa sauti, na Alain atakaa kiti cha mbele. Kama baba yule anafungua mlango au hafungui, hakuna hata mmoja wetu anayejua.

Flaviana, dada yetu, Mzee Severin aliyestahili kuusikia mwisho huo kwanza hayupo, nasi hatuwezi kukurudishia Jumamosi yako. Tunachoweza ni kuja na kuusikiliza pamoja nawe. Ahsante kwa wazee wote uliowapa cha kungojea. Mungu akujalie siku njema za kupumzika, na macho mazima ya kusoma. Na ukianza tena riwaya na mtu, akikuomba mmalize leo, mmalizie.

Rukaya, muuguzi wa zamu ya asubuhi