Noti Moja Bila Jibu

Duum. Mlio mmoja tu, saa nane za usiku, mnene, wa chini kabisa. Ukapenya kuta, ukatikisa masufuria, ukapita chini ya vitanda vya watu, kisha kimya. Kulipokucha, benchi la Mama Kahawa lilijaa kabla birika halijachemka, kila mtu na maelezo yake mdomoni. Pale kwenye ncha, ubao ulipobonyea kwa kukaliwa na mtu yule yule miaka kumi, alikuwepo Mzee Besi, aliyeupiga mlio wenyewe, akipuliza kahawa yake. Kumjadili mtu naye yupo hakukuwa kukosa adabu benchini pale. Walishazoea kwamba hajibu. Miaka thelathini na mitano ya kupiga besi ya kusimama kwenye bendi za jazi, mahotelini na melini, ilikuwa imemfundisha kusimama nyuma na kuwaachia wengine maneno.

– Mimi nasema ni bomba, alianza Fundi, ambaye kazi yake ni mabomba na kwake kila tatizo la dunia lina koki yake. Hewa imeingia ghorofani, bomba limekohoa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

– Sasa hapo maji yamemwagika wapi?

– Ndiyo maana nasema tuwahi!

– Bomba halina sauti tamu vile, alidakia Spika, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hana swichi ya kuzimia. Ile ilikuwa besi. Na besi naijua: ndani tupu. Debe tupu haliachi kuvuma.

– Unamsifu mzee au unamtukana?

– Namsifu, bwana wee!

Mzee Besi akatabasamu ndani ya kikombe.

– Haya, ni besi, alisema Mama Kahawa. Mbona noti moja? Mtu hachemshi maji halafu akaenda kulala.

– Alikuwa anamwita mwanamke, alidakia Spika. Hawa wapiga besi wana alama zao. Moja, njoo. Mbili, usije, mume wangu amerudi.

– Mume wa nani tena, Spika? Besi si anayo yeye?

– Usinivuruge, mama.

– Labda jengo linazama, Fundi akasema. Mzee kasikia msingi unalia, naye akaujibu.

Spika akatikisa kichwa, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

– Sikilizeni. Kila mpiga besi huzaliwa na noti zake, zimehesabiwa. Anapiga, zinapungua, anapiga, zinapungua. Jana mzee kachungulia, kakuta imebaki moja.

Walitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

– Na akaipiga usiku, watu wamelala? Mama Kahawa aliuliza taratibu.

– Besi husikilizwa lini, mama? Watu huisikia siku ikinyamaza.

Hilo lilimchoma Mzee Besi. Huyu Spika, katika kurusha mawe gizani, mara nyingine humpata mtu.

– Mzee, Mama Kahawa alimgeukia, yule wa piano uliyekuwa ukipiga naye, si ndiye redio imesema jana amepooza mkono wa kushoto?

– Ndiye yule.

– Na Jumamosi eti atapiga hivyo hivyo, kwa mkono mmoja?

Mzee Besi aliinamia kikombe chake. Mkono wa kushoto wa piano na besi hutembea njia moja. Alitembea na mkono ule miaka ishirini na minne. Kila onyesho lilifunguliwa vile vile: besi noti moja, piano inajibu. Jana, baada ya redio, alikaa gizani hadi saa nane, akaivua besi gunia lake, akaipiga noti ile ya kwanza. Kisha akasimama kusubiri jibu, kwa mazoea tu, mpaka miguu ikafa ganzi.

Kilichowatenganisha ni jalada la santuri, aliloliandika yule wa piano. Ngoma, fulani bin fulani. Tarumbeta, fulani bin fulani. Na chini kabisa: “Besi, mdogo wangu.” Yeye, mtu mzima, mwenye wajukuu, aliyebeba chombo kile begani kupanda ngazi za miji isiyohesabika, jina lake halikutosha hata mstari mmoja! Alirudisha jalada, akaondoka. Tangu hapo, miaka kumi na mmoja, naye hakumwita yule mtu kwa lile neno ambalo mama yao aliwafundisha kuitana. Benchi zima halikujua kama ni ndugu.

Mama Kahawa alikuwa anakamua birika kupata kikombe cha mwisho mwanamke kijana aliposimama mbele yao, mkoba begani.

– Shikamooni. Namtafuta mdogo wake baba. Baba anapiga piano.

Wakatazamana.

– Mpiga besi tunaye, binti, alisema Fundi, lakini hana ndugu. Tungejua.

– Sura yake nimeisahau, nilikuwa mtoto. Na baba hajawahi kumtaja kwa jina. Wanamuziki wote anawaita kwa majina yao, huyu anasema mdogo wangu. Tangu augue, maneno mengi yamempotea. Hilo halijapotea. Wamemletea wapiga besi watatu, wote kawafukuza. Anagonga meza, anasema mdogo wangu, mdogo wangu.

Mzee Besi aliviangalia vidole vyake vyenye sugu. Kahawa ilikuwa imepoa. Akaiweka chini.

– Mwambie asianze, alisema. Noti ya kwanza ni yangu. Mwambie nakuja.

– Amwambie nani? Spika aliruka. Yule wa piano?

– Kaka, alisema Mzee Besi. Kaka yangu.