Marehemu Strahil Dobrikov, Mteja Aliyelipa Kila Kitu

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoroka zamu karakana ya soksi mkaja kumzika mwenzenu, mimi ni Zdravka, dada mkubwa wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Padri ameniomba niwe mfupi na niwe mpole. Ufupi nitajaribu.

Strahil Genchev Dobrikov alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1968, hapa hapa Sliven, mtaa wa Klutsohor. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Gencho, mpaka rangi wa nyuzi, na mama Stoyna, mfumaji. Alipokuwa na miaka saba mama alimnunulia suruali ya shule, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Mama alitaka kuipinda. Strahil akaibeba mwenyewe hadi dukani, akasimama mbele ya muuzaji mpaka wakati wa kufunga.

"Nenda nyumbani, mtoto," yule muuzaji akamwambia. "Suruali ni suruali."

"Shangazi, hii ni suruali moja na kipande. Mama yangu alilipa pesa ya suruali moja nzima."

Enzi zile duka halikubadilishia mtu kitu. Yeye alibadilishiwa. Nadhani ndipo alipoharibika, kwa sababu alikua akiamini kwamba ukiwa na haki na ukisimama muda wa kutosha, mwenye duka atachoka kabla yako.

Alisoma shule ya ufundi wa nguo, akahitimu mwaka 1987, akatumikia jeshi huko Yambol, na Oktoba 1989 akaajiriwa kiwandani kama mkaguzi wa vitambaa. Wengi mliopo hapa mnaikumbuka meza yake: kioo juu, taa chini, kitambaa kikipita katikati, na yeye na chaki yake. Alama moja, daraja la pili. Alama tatu, vitambara vya kudekia. Siku moja msimamizi alitaka robota fulani liondoke hivyo hivyo, lilikuwa limeshachelewa.

"Strahil, wapelekee tu. Wakilalamika tutawatumia fundi akawashonee."

"Basi mfungeni fundi humo humo ndani ya robota, bosi, wakifungua wamkute na sindano mkononi."

Robota halikuondoka. Kiwanda kilifungwa mwaka 2011, na marehemu akahamia karakana ya soksi, akakagua soksi hadi mapafu yalipomkatalia. Miaka thelathini na tatu ya vumbi la pamba na sufu, na sijawahi kusikia mnunuzi hata mmoja akirudisha kitu alichokipitisha yeye.

Tarehe 25 Septemba 1993 alifunga ndoa na Rayna Kaneva, mwuza mikate. Mwaka uliofuata walimpata Lyuben, mtoto wao wa pekee. Rayna ndiye aliyeleta mashine ya gemu ndani ya nyumba ile, zawadi ya Lyuben ya kutimiza miaka kumi. Strahil aliingia chumbani kwenda kuikagua, na hakutoka. Wifi yangu alikuwa akituambia kwamba ameolewa na wanaume wawili wenye umri wa miaka kumi. Alifariki mwaka 2014, na baada yake hakubaki mtu wa kuwapatanisha.

Nitalisema mnalolijua. Mwaka 2017 Lyuben aliamua kwenda Zaragoza, Hispania, kufanya kazi ghalani. Baba yake akamwambia mlangoni, "Ukiondoka, usinipigie." Alikuwa na hasira na alikuwa na upweke, ila upweke hakuutaja. Lyuben ana kichwa cha baba yake. Hakupiga. Miaka mitatu ikapita, Krismasi, Pasaka, siku za kuzaliwa, hakuna simu.

Aprili 2020, dunia nzima ikiwa imefungiwa ndani, Strahil aliwasha mashine akakuta mwaliko. Kulikuwa na gemu la garimoshi linalopita kwenye theluji, la watu wawili wanaocheza pamoja mtandaoni kila mmoja kwake: mmoja ni dereva, mwingine anatia makaa. Mwaliko ulitoka kwa Lyuben. Haukuwa na neno lolote, ulikuwa mwaliko tu. Strahil akabonyeza kukubali. Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa tisa alasiri, baba aliendesha na mwana akatia makaa. Walikuwa wakiandikiana kwenye kile kisanduku kidogo pembeni mwa skrini. "Punguza, kuna kona." "Makaa yanaisha." "Umekula?" "Nimekula." Ugomvi hawakuugusa hata siku moja. Ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo ya kuongea, na mimi dada mtu sikuijua. Nilijua tu kwamba Jumapili saa tisa hataki wageni, na nilimcheka.

Marehemu pia alikuwa akiandika mtandaoni maoni yake juu ya magemu, kwa jina la Mkaguzi 68. Aliyapanga kama vitambaa, daraja la kwanza, la pili, na vitambara. Hakuwa na chuki na gemu gumu wala gemu la bei kubwa. Alichokichukia ni gemu lililouzwa likiwa na matundu. Aliandika kwamba zamani ulinunua diski na gemu lote lilikuwa ndani. Siku hizi unanunua boksi la hewa, kisha unakaa siku nzima ukisubiri mashine ishushe viraka. Aliandika kwamba anayelipa mapema ndiye anayefanyishwa ukaguzi bure, na anayesubiri mwaka mzima analipata zima kwa nusu bei, kwa hiyo makampuni yanamwadhibu yule anayeyapenda. Alikereka kuuziwa kofia ya dereva kando, filimbi kando, theluji ya usiku kando. "Mimi si mtoto anayeomba peremende," aliandika, "mimi ni mnunuzi. Nilitoa leva halali, pesa kamili ya Bulgaria, nipeni garimoshi zima."

Toleo la pili la gemu lile lilitoka msimu wa baridi uliopita. Strahil na Lyuben wote walilinunua siku ya kwanza. Madaraja yalikuwa hayashiki, garimoshi lilipita katikati ya chuma likatumbukia mtoni, na safari zao zote za miaka mitatu zilifutika. Kampuni ikatangaza kwamba madaraja yaliyoimarishwa yatauzwa kama nyongeza. Strahil aliandika kurasa mbili. Alisema angekuwa yeye, angeona haya kuwauzia watu misumari ya daraja walilokwisha kulipia. Akawaita mafundi wa vitambara.

Tarehe 6 Machi 2023 kampuni ilimfungia akaunti yake kwa lugha isiyofaa. Akaunti ikifungwa vinafungwa vyote: magemu yote aliyonunua kwa miaka kumi na miwili, na Jumapili saa tisa pamoja nayo. Mwezi mmoja kabla, daktari alikuwa amemwonyesha picha ya mapafu yake. Kwa hiyo alijua anapigania nini na ana muda gani. Alitaka kurudi kwenye garimoshi lile kabla hajafa. Hakutaka kingine.

Akaanza kuandika barua. Kumi na sita za kwanza zilijibiwa na mashine: Mpendwa mteja, maoni yako ni muhimu kwetu. Mwezi Juni uvumilivu ukamwishia. Akachapisha tangazo la kifo, karatasi yenye fremu nyeusi kama haya mliyoyaona ya kwake yamebandikwa milangoni leo. Kwenye picha aliweka yule dereva wake wa gemu, mwenye sharubu kama zake. Chini aliandika: "Kwa huzuni kubwa tunatangaza kuuawa kwa Mkaguzi 68 tarehe 6 Machi, akiwa amelipa kila kitu. Wafiwa: wateja." Akabandika kwenye mlango wa jengo, kwenye nguzo, na kwenye duka la mikate.

Bibi Ginka wa ghorofa ya pili, samahani bibi, naona unanikunjia uso, hakuwa na miwani. Aliona sharubu, akaona 68, akachemsha ngano, akapanda ngazi na bakuli akilia. Strahil akamfungulia mlango akiwa na fulana ya ndani.

"Mama yangu!" Bibi Ginka akapiga kelele. "Si wamesema umekufa wewe?"

"Nimekufa, bibi, karibu ndani. Hiyo ngano umeitia sukari?"

Wakakaa wakala ngano ya matanga ya marehemu pamoja na marehemu. Mtaa mzima ulicheka wiki nzima. Mimi sikucheka. Niliyabandua yote, karatasi baada ya karatasi, watu wakinitazama, kisha nikapanda kwake.

"Mtu mzima na mvi zako unamlilia mwanasesere?"

"Simlilii mwanasesere, dada."

"Unamlilia nani basi?"

Akanitazama, akaanza kukohoa. Nilingoja kikohozi kiishe, kilipoisha sikuuliza tena.

Kabla sijayabandua alikuwa amepiga picha tangazo moja, akaituma kwa kampuni pamoja na barua ya kumi na saba, ili waone aibu. Safari hii walimjibu haraka. Tunaungana nawe katika kipindi hiki kigumu, waliandika. Kwa kuwa mwenye akaunti amefariki, akaunti imefungwa moja kwa moja na haiwezi kurithiwa. Huko waliko matangazo ya kifo hayabandikwi kwenye nguzo kwa mzaha wala kwa dhati, basi wakalipokea kama hati.

Kuanzia hapo kaka yangu aliandika barua za kuthibitisha kwamba yu hai. Alituma picha ya kitambulisho. Alituma picha yake ameshika gazeti la siku hiyo, kama mateka. Wakamjibu kwamba kwa usalama wa marehemu hawawezi kujadili akaunti yake na mtu mwingine, na kwamba jamaa wa karibu tu ndiye anayeweza kuwasilisha marekebisho.

Jamaa wa karibu aliyekuwapo hapa ni mimi. Septemba alishuka ngazi zote hadi uani, akipumzika kila ghorofa, akanikuta nachoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi.

"Dada, niandikie kabarua. Mistari miwili. Useme mimi ni mdogo wako na niko hai."

"Huoni nina kilo arobaini za pilipili hapa? Kesho."

"Kesho ipi?"

"Kesho, Strahil! Hilo gemu lako litakimbia?"

Akachukua pilipili moja ya moto, akaimenya, akala amesimama, akasema ina chumvi kidogo mno. Akapanda juu. Kesho yake nilikuwa nasaga, keshokutwa nafunga mitungi. Mitungi thelathini na sita iko stoo kwangu, atakayeitaka aje achukue, mimi sitaweza kuila.

Oktoba alilazwa hospitalini. Wauguzi walimhudumia vizuri na tunawashukuru. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, siku tano kabla ya kutimiza miaka hamsini na mitano.

Simu ya Zaragoza niliipiga mimi. Namba ilikuwa kwenye friji yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, imeshikizwa na sumaku. Lyuben alifika jana. Alikaa jikoni kwa baba yake bila kuvua koti, na swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Shangazi, kwa nini aliacha kuja?"

"Kuja wapi, mwanangu?"

"Jumapili. Tangu Machi. Nilikuwa naingia, nakaa kituoni, naangalia jina lake, halipo. Nikajua amenichoka tena."

"Si ungempigia?"

"Aliniambia nisimpigie."

Miezi minane, ndugu zangu. Huyu amekaa kwenye kituo cha theluji kila Jumapili akiamini ameachwa, na yule amekaa hapa anaandikia kampuni. Nililia, kisha nikampa lile jalada la barua. Zipo arobaini na moja. Alizisoma zote, na ya mwisho akanipa mimi. Marehemu aliiandika hospitalini tarehe 2 Novemba. Haina tusi wala daraja la kitambaa. Naisoma kama ilivyo:

"Waheshimiwa, magemu yangu bakini nayo. Naomba jambo moja. Kuna kijana anatia makaa kwenye garimoshi langu, atakuwa ananisubiri kila Jumapili. Mwambieni tu kwamba sikumwacha."

Na jibu lao: "Mpendwa mteja, kwa kulinda faragha hatuwezi kuwasiliana na watumiaji wengine kwa niaba yako. Tafadhali tupe alama kati ya nyota moja na tano."

Kampuni hiyo nailaani, na padri atanisamehe. Lakini barua arobaini na moja, na mwanao hukumwandikia hata moja, Strahil. Namba ilikuwa kwenye friji.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Lyuben Strahilov Dobrikov wa Zaragoza, dada mmoja, Zdravka, shemeji, Nedyalko, na wapwa wawili, Yoana na Desimir. Ametanguliwa na wazazi wake na mkewe Rayna, ambaye ubavuni mwake tunamlaza Strahil leo.

Lyuben, mwanangu, inua uso. Baba yako hakukuacha. Ni mistari miwili tu, nami nimechelewa nayo.

Ardhi ya Sliven impokee taratibu, naye alale salama.