Januarius Ngassa Bundala na Kuku Wake Wepesi

Mdogo wetu Januarius Ngassa Bundala alizaliwa Dutwa tarehe 14 Machi 1966, kitindamimba wa marehemu Mzee Bundala na marehemu mama yetu, Benedikta. Alikua akila sinia moja na kaka zake, na kwa kuwa ndiye mdogo, alijifunza kuwahi.

Alisoma shule ya msingi Dutwa, sekondari Shinyanga, kisha mifugo Morogoro, akahitimu mwaka 1992 na kurudi Bariadi kuwa afisa mifugo.

Uani kwake alifuga kuku wa ukoo mmoja, akiwachagua kizazi baada ya kizazi: wazito banda hili, wepesi banda lile. Alitaka kujua kwa nini hawa hawakomi kula na wale hawaanzi. Alieleza, hata kwa asiyeuliza, kwamba utumbo na ubongo hupelekeana habari kwa homoni, na kwa kuku wepesi habari ya shibe huwahi mno. Wapo vifaranga waliokufa njaa chakula kikiwa mbele yao. Waliobaki aliwachuchumalia, akigonga pumba kwa kidole kama mama kuku anavyodonoa, mpaka wakala.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Apolonia, ambaye alikuwa akimtania, “Mimi sijawahi kubembelezwa hivyo.” Walijaliwa binti, Nyanjige. Apolonia alifariki Mei 2019, Nyanjige akapata kazi Mtwara, nyumba ikanyamaza.

Januari 2025 aligundulika na saratani ya tumbo, akatibiwa Mwanza. Hamu ya kula ilimtoka kabisa. Majirani wema walileta vyakula, wakafunika, wakaondoka kwa heshima wasimsumbue msomi. Mimi dada yake, Milembe, nilipofika kutoka Mwanhuzi, nilikuta sahani zimejipanga, zimepoa.

“Nduhu mhayo, hakuna neno, dada,” alisema. “Mwili unaniambia nimeshiba.”

Nilikaa mkekani, nikamega ugali, nikala, nikagonga ukingo wa bakuli kwa kidole. Alicheka. “Umenifanya kifaranga,” akasema, naye akamega. Tulikula hivyo mpaka niliporudi kwangu kuvuna pamba.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025, peke yake. Sahani ya jioni ilikuwa mezani, imefunikwa. Inaniuma sana.

Ameacha binti, Nyanjige, mjukuu mmoja, Danford, na sisi dada zake wawili tuliobaki. Kuku wepesi atawatunza jirani yake, Maduhu. Nimeshamwonyesha namna ya kugonga. Wale wazito ndio chakula cha leo.

Tukitoka kaburini, mtu asibebe sahani kwenda kula pembeni. Tukae uani kwake, sinia moja, watu wengi. Apumzike kwa amani, na huko alikokwenda asile peke yake.