Mama Ngoja na Rafu ya Kungojea

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza hapa shuleni nilikuwa nikienda maktaba kila mchana, na si kwa ajili ya kitabu. Nilikwenda kungoja kompyuta iwake. Ninalitaja leo kwa sababu mkutubi wetu anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, na bila yeye, kungoja kule kusingekuwa na maana yoyote.

Wanafunzi tunamwita Mama Ngoja. Walimu nao humwita hivyo wakidhani hajui. Anajua.

Alipoanza kazi, maktaba ilikuwa makabati mawili ndani ya stoo ya michezo, na vitabu vilinuka mipira. Anaiacha ikiwa na chumba chake, madirisha yanayofunguka, na orodha ya vitabu vyote ndani ya kompyuta, aliyoichapa mwenyewe kwa vidole viwili. Mama yangu, ambaye pia alisoma hapa, anamkumbuka akimkemea mtu aliyekunja pembe ya ukurasa: "Wewe ukikunjwa sikio utafurahi?" Nami nimeambiwa vivyo hivyo, neno kwa neno.

Kompyuta yenyewe ilikuja ikiwa imeshatumika ofisini. Mama Ngoja aliizima kila alipotoka kwenda kula, akisema hata punda hutuliwa mzigo. Kwa hiyo kila mchana iliwashwa upya, na kuwaka kwake kulikuwa safari. Feni ilivuma, diski ikakoroma, kaduara kakazunguka kwenye skrini mpaka macho yakachoka. Ukiuliza, jibu lilikuwa moja: "Ngoja, mwanangu. Iache iamke, inawe uso."

Lakini hakuruhusu mtu angoje mikono mitupu. Kando ya meza aliweka rafu fupi ya vitabu vyembamba, rafu ya kungojea. Unachukua kimoja, unakaa kwenye benchi, na kabla skrini haijatulia unamweleza jirani yako ulichosoma. Hiyo ilikuwa sheria. Mimi nilikuwa nikila peke yangu, na wenzangu wakipita najifanya natafuta kitu kwenye begi. Pale kwenye benchi nilipewa mtu wa kuzungumza naye kwa amri. Marafiki wawili nilio nao leo niliwapata pale, diski ikikoroma.

Muhula huu diski ile ilianza kugonga kama kucha juu ya meza. Mwalimu wa kompyuta alitueleza kwamba mashine haina ugonjwa. Ndani ya diski mna sahani inayozunguka na kichwa kidogo kinachosoma, navyo vimechoka. Tukiweka SSD, diski ya kisasa ya kuhifadhia kumbukumbu isiyo na kinachozunguka, kompyuta itaishi miaka mingine bila kununua mpya. Hakutudanganya pia: intaneti itabaki kobe, na kitufe cha herufi K kitaendelea kukwama.

Mama Ngoja alikataa. Alisema yeye na diski wamezeeka pamoja, mbona yeye hakuna aliyembadilisha kitu? Mwalimu akamjibu, "Mama, ungekuwa na skrubu, magoti yako tungeshayabadilisha." Alicheka mpaka akavua miwani, lakini hakukubali. Alihofia orodha yake isije ikapotea. Mimi moyoni nilikuwa upande wake, kwa sababu ya benchi.

Ikaja wiki ya mitihani. Binti mmoja, mgeni shuleni, alikuja kutafuta kitabu cha sayansi. Kilikuwa kimeazimwa, na kompyuta pekee ndiyo iliyojua kiko kwa nani. Diski ikagonga, skrini ikaganda. Binti alikaa kwenye benchi na kitabu chembamba mapajani, hata hakukifungua. Alikuwa akitazama mlango. Kengele ilipolia akasema, "Asante, Mama," akaondoka bila kitu.

Ile "asante" ndiyo iliyomchoma. Mama Ngoja alikwenda mwenyewe mpaka chumba cha kompyuta, na magoti yake yale. "Mwalimu, lete bisibisi yako," alisema. "Kumfundisha mtoto subira ni jambo moja. Kumnyima kitabu ni jingine."

Kunakili orodha kulichukua alasiri nzima. Alikaa kando ya mashine kama mtu anayeuguza ndugu, akikataa hata chai. Ilipowashwa tena, skrini ilikuwa tayari kabla hajavuta kiti. Orodha ilikuwepo yote, pamoja na makosa yake ya kuchapa. Alimpigia mwalimu makofi. Kesho yake asubuhi yule binti alipata kitabu chake, ikiwa imebaki siku moja kabla ya mtihani.

Basi wanaouliza kama SSD ilikuwa na faida, jibu ni ndiyo, na Mama Ngoja ndiye wa kwanza kulisema. Ila jioni ile diski ilipobadilishwa, akifunga madirisha, alisimama mbele ya benchi tupu. "Sasa watakaa kwa sababu gani?" aliuliza. Mwalimu alikuwa akipanga vifaa vyake. Mimi nilichukua begi langu.

Mama Ngoja, asante kwa makabati mawili uliyoyageuza maktaba, na kwa masikio yote uliyoyaokoa yasikunjwe. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na kengele, magoti yasiyolalamika, na kitabu kinene ambacho hakuna atakayekudai ukirudishe.

Swali lako nilikwenda nalo nyumbani. Mchana uliofuata, ulipokuwa umetoka kwenda kula, mvulana mmoja mgeni aliingia. Niliwasha kompyuta, skrini ikamjibu papo hapo, akachukua kitabu chake, akageuka kuondoka. Nilisimama. Sauti ilinitoka ndogo, ikabidi nirudie: "Ngoja." Nikachukua kitabu chembamba kutoka kwenye rafu, nikasogea pembeni mwa benchi ili apate nafasi, nikamwuliza siku hizi anasoma nini.