Lamis Atafuta Wimbo wa Ru

Baraza letu la Kibokoni ni la saruji, lina ufa katikati, na huwatosha watu wanne wakipendana. Mimi hukaa mlangoni kwangu, hatua tatu kutoka hapo, nikiuza kaimati, mwanangu Maisara akilala begani. Baada ya alasiri muuza kahawa hufika na dele lake, na wenyewe hujikusanya bila kuitwa. Ubaid, dereva wa teksi, twamwita Usukani. Sabir, aliyepiga fidla harusini miaka arubaini, ni Nyuzi. Barnabas, baba yake Dancan, anayeosha magari ya Japani katika yadi moja kule Mbaraki, ni Kimya. Alhamisi ile walimkuta Lamis, binti wa nyumba ya pili, amekaa pembeni mwa baraza na daftari lake, macho mekundu. Usukani alisogea kumpa nafasi, akamwagizia kahawa kabla ya kumuuliza lolote.

– Haya, mwanangu, nani kakuudhi?

– Silabi, Ami.

– Silabi yaishi mtaa gani?

Lamis akacheka kidogo, kisha akaeleza. Anasoma Kijapani chuoni. Jumamosi kuna shindano la kuimba, na atakayeshinda atapelekwa Japani miezi mitatu kuendelea na masomo. Kila mwanafunzi alitia mkono kwenye mfuko akatoa silabi moja, naye lazima aimbe wimbo wa Kijapani ambao jina lake laanza na silabi ile. Yeye alitoa ru. Maneno ya Kijapani yanayoanza hivyo ni machache, na nyimbo ni chache zaidi.

– Badilisha, akasema Nyuzi.

– Hairuhusiwi, Ami. Na wimbo mmoja huimbwa na mtu mmoja. Nilizipata mbili kwenye simu, zote zishaandikishwa na wenzangu wa darasa la jioni. Kesho adhuhuri nisipopeleka jina la wimbo, nafasi yangu apewa mwingine.



– Hilo ni jambo dogo, akasema Nyuzi. Nyimbo za Kijapani asili yake ni hapa Mji wa Kale.

– Hapa wapi?

– Hapa. Mabaharia wao walikuwa wakishuka bandarini, wakisikia fidla kwenye harusi, wakirudi kwao na sauti zetu vichwani. Marehemu babangu alimwona mmoja amesimama nje ya harusi, alia.

– Huenda alikuwa na njaa.

– Alikuwa na wimbo, Usukani. Wewe njaa ndiyo uijuayo.

Usukani akashusha kikombe chake.

– Sikizeni mimi. Kila kinachopungua Japani, huwa kimeletwa Mombasa. Magari yakipungua kule, yamejaa huku. Mabaiskeli vilevile. Na majokofu. Sasa mwaambiwa ru zimepungua kule. Zimekwenda wapi?

– Zimekwenda wapi? akauliza Nyuzi.

– Zimo ndani ya magari yetu. Mimi nina wimbo wa Kijapani kwenye teksi yangu, wajiimba wenyewe kila asubuhi. Mwaka wa sita huu.

– Na hukusema?

– Hakuna aliyeniuliza.

Akamchukua Lamis hadi kwenye teksi, iliyoegeshwa pale njia inapopanuka, akampangusia kiti cha mbele kwa kitambaa chake cha mfukoni. Sote tukafuata. Akatia ufunguo, akauzungusha. Sauti ya mwanamke, nyororo sana, ikasema maneno kama kumi, ikanyamaza.

– Mwaona? akasema Usukani. Ni kasida ya safari. Amwombea dereva.

Nyuzi alikuwa amefumba macho.

– Rudia.

Usukani akazima, akawasha. Yule mama akasema tena.

– Hayo ni mahadhi ya rasti, akasema Nyuzi. Rasti safi kabisa. Si niliwaambia zatoka hapa?

Lamis alijifunika mdomo kwa mtandio. Alingoja mpaka alipoweza kusema bila kucheka, na mimi nilimpenda kwa kungoja kule.

– Ami Ubaid, haimbi. Amwambia dereva kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijatiwa.

– Kadi gani?

– Ya barabara za kwao.

– Miaka sita aniambia hivyo?

– Kila asubuhi, Ami. Kwa adabu sana.

Usukani akaushika usukani kwa mikono miwili.

– Maskini, mama wa watu. Na mimi humwitikia amina.

Hapo ndipo Barnabas aliposema neno lake la kwanza tangu tukae.

– Mimi nina katoni.

– Katoni ya nini, Kimya?

– Diski. Huzikuta ndani ya magari nikiosha. Nyingine zimeandikwa kwa mkono.

– Na hukuzitupa?

– Ni vitu vya watu, akasema Barnabas. Mtu aweza kuulizia.

– Mtu wa Japani aje Mbaraki kuulizia diski?

– Akija atazikuta.

Akampigia simu mkewe, Mwikali, kule Buxton, amletee katoni iliyo chini ya kitanda. Kahawa ya pili haijapoa, Mwikali akashuka kwenye tuktuk, katoni kifuani kama mtoto. Akatusalimu mmoja mmoja, akaniuliza Maisara kama ameota jino.

Lamis akaanza kupekua. Nyuzi aliishika kila diski kwenye mwanga na kutoa hukumu kabla haijasomwa.

– Hii ni ya mapenzi.

– Hii ni ya kufundisha Kiingereza, Ami.

– Basi mapenzi ya Kiingereza. Na hii?

– Yaanza na ka.

Diski hamsini na kitu zikapita. Katoni ilipobakia na chache, Lamis akasita kwa moja yenye jalada la karatasi, maandishi ya kalamu ya samawati, na kando yake picha ya nyumba iliyochorwa na mtoto.

– Ru, akasema polepole. Jina lake, kwa Kiswahili, ni Kubaki Nyumbani.

Usukani akaitia kwenye redio. Hapakuwa na ala yoyote. Aliimba mwanamke tu, nyuma yake maji yakichuruzika, na sauti ndogo ikimjibu. Lamis akatufasiria huku wimbo ukienda. Mama asema usifungue mlango. Mtoto ajibu sifungui. Usiguse moto; sigusi. Nakwenda kazini, mvua haitaisha kabla sijarudi; basi rudi. Mwishoni mtoto alicheka, na diski ikakatika.

Nilimshusha Maisara begani nikamkumbatia kifuani.

– Yafaa? akauliza Barnabas.

– Mwalimu alisema wimbo wa Kijapani, jina lianze na ru. Hakusema uwe umetoka redioni. Yafaa, Baba Dancan.

– Basi Japani ushafika, akasema Usukani. Mimi nitakupeleka mpaka uwanja wa ndege.

– Na huo pia ni rasti, akasema Nyuzi, lakini taratibu.

Mwikali alikuwa bado amesimama kwenye mlango wa teksi, mkono juu ya paa.

– Huyo mtoto, akauliza, sasa ana miaka mingapi?

Nyuzi alianza kuhesabu kwa vidole, akaviacha. Barnabas aliligeuza lile jalada la diski, akalitazama nyuma, ambako hapakuwa na tarehe wala jina.

Lamis akaurudisha wimbo mwanzo, akachukua kalamu aandike maneno.