Mfupa Mchanga na Maji ya Moto

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Sifa kwa Bwana, ndugu zangu. Naanzia hapo kwa sababu ndipo hofu ilipoanzia. Nimeandika kwenye daftari maana nikisimama mbele yenu sauti inakauka.

Mnajua bodaboda ilinigonga pale Mabibo, mfupa wa muundi ukaoza, madaktari wakatoa kipande. Wakaniingiza kwenye majaribio: walichukua chembe hai zangu, wakazichanganya kwenye uji mzito, mashine ikauchapa tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayepamba keki, hadi ukawa kipande cha mfupa, wakakipandikiza kwenye pengo langu. Daktari alituambia mie na mama, "Mfupa huu bado mchanga. Usichuliwe, usikandwe. Ukivunjika, kinachobaki ni kukata mguu."

Jumamosi hiyo mama alikuwa sokoni. Shangazi, aliyetoka Njombe kuja kuniuguza, akaingia na beseni la maji ya moto. Huko kwao ndiye anayewakanda wanawake wakijifungua.

"Shikamoo shangazi. Daktari alikataza."

"Marahaba. Daktari gani anapika mifupa kama maandazi? Lete mguu."

Nikaleta. Ndugu zangu, sikuwahi kumwambia mkubwa hapana. Alikanda, akabonyeza kwa vidole gumba, nikahisi kitu kimecheza humo ndani.

Sikusema. Jumapili mguu ukawa wa moto, Jumatatu ukavimba. Mama akiuliza, nasema sijambo. Niliomba Mungu auponye kimyakimya, nisije nikamchongea shangazi. Jumanne jioni kwenye sala mama akasema, "Bwana, asante kwa mguu wa mtoto," amina ikanikwama. Nikamweleza yote.

Jumatano walinipiga picha ya mfupa hospitalini, daktari akaitazama.

"Kipande kipo," akasema. "Kimeshika. Nyama ya juu ndiyo imeumia. Angekukanda tena, tungekuwa tunaongea mengine."

Mungu aliniokoa kwa kunifungua mdomo. Picha nyingine ni mwezi ujao na bado naogopa, ila namtegemea. Nawe unayeficha maumivu kwa sababu ya heshima, mtegemee, useme.

Mama alitaka kumkabili shangazi. Nikamwomba aniachie mie. Alhamisi asubuhi nilijikongoja kwa magongo hadi jikoni alikokuwa anamenya vitunguu, nikamwamkia, nikamwambia mguu ulivyokuwa karibu kukatwa.

Akaweka kisu chini. "Sasa mbona uliniletea huo mguu, mwanangu?"

"Nilikuogopa, shangazi."

Nikakaa pembeni yake, mguu nimeunyoosha, nikaendelea kumenya vile vitunguu alivyoviacha.