Hewa ya Ziwani

Kwenye kivuko cha kutoka Sengerema, Fadhila alimuuliza mzee Kashindye, abiria wa kando yake, mbona kidonge anakigeuzageuza tu mkononi bila kukimeza.

"Tangu moyo uniangushe, daktari ameniambia nimeze kila asubuhi, chembe za moyo zisife zikikosa hewa," mzee alijibu. "Sasa hapa ziwani hewa si bwelele, mwanangu? Hiki nakitunza."

"Babu, hewa ya moyoni inabebwa na damu. Mshipa ukibana, haifiki."

"Kwani pua na moyo vina hewa tofauti?"

Hewa ilikuwa ileile. Kilichomshinda Fadhila ni kueleza inavyokwama. "Ni hiyo hiyo," alisema, "ila inachelewa njiani."

"Ndiyo maana nimekaa upepo unakotokea," mzee akasema, akifungua vifungo vya shati.

Kivuko kikatia gati Mwanza. Malori yakawashwa, moshi ukatanda. Mzee akakohoa, akakimeza kidonge bila maji.

"Umeona sasa? Hapa ndipo penye kazi yake."

Fadhila hakujua ampongeze au aanze upya, na abiria walishaanza kushuka.